Siku Niliyokuwa Nahodha wa Mtumbwi wa Vita

Msinicheke kabla sijamaliza. Enzi za utawala wa wanajeshi, kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni katika jumba la makumbusho ya vyombo vya ziwani, hapa Kampala. Humo mlikuwa na mtumbwi mrefu wa mbao zilizoshonwa kwa kamba, uliowahi kuwavusha askari wa Kabaka, mfalme wetu.

Siku hiyo tuliambiwa afande mkubwa angekuja kukagua. Nikaingia mtumbwini kufuta vumbi. Mvua ilinyesha taratibu juu ya mabati, mbao zikanukia samaki wa zamani. Nikaketi mbele, nikafumba macho. Sakafu ikawa maji, na nyuma yangu wapiga makasia wakaimba.

Mara mtu akaingia. Nikajua ni Okello, mlinzi wetu, ambaye nilizoea kutaniana naye humo.

“Umechelewa, mvivu wewe,” nikasema, macho bado nimefumba. “Vua viatu, usichafue chombo cha mfalme. Kaa nyuma, shika kasia.”

Nikasikia viatu vikivuliwa. Mtumbwi ukatikisika.

“Napiga upande gani, mama?”

“Kushoto! Au unaogopa maji kama hao wanajeshi?”

Nikafumbua macho. Okello alikuwa mlangoni, wima, akipiga saluti huku jasho likimtiririka. Siku hizo watu walipotea kwa neno dogo kuliko hilo langu.

Nikageuka. Afande alikuwa ameketi peku, kasia mapajani.

“Naogopa kweli, mama,” akasema polepole. “Kwetu hakuna ziwa.”