Kikombe cha Kuonjea Maziwa

Nauza maziwa ya ngamia sokoni Isiolo. Hapa mteja hanunui kabla ya kuonja, na kila muuzaji ana kikombe kimoja cha kuonjesha watu wote. Soriasisi iliponishika mikono na ngozi ikaanza kubanduka magamba meupe, wateja wangu walihamia kwa jirani. Daktari alisema haiambukizi. Nani alimsikia?

Nilimeza vidonge vya vitamini E, vingine nikavitoboa nikajipaka mafuta yake. Nikanywa manjano, nikatafuna majani ya moringa mpaka nikachoka. Mdomo wa kunishauri kila mtu alikuwa nao; mkono wa kunisalimia, hakuna. Magamba yalipungua wiki mbili, kisha yakarudi na kupanda hadi viwiko.

Mwezi uliopita mama alikuja kutoka Garbatulla. Nilimmiminia maziwa kwenye kile kikombe, nikampa kwa mikono miwili kama alivyonifunza. Alinitazama mikono, machozi yakamlenga, akaniombea Mungu aniponye. Halafu akafungua mkoba, akatoa kikombe chake mwenyewe.

"Nimiminie humu, mwanangu," akasema.