Kuiombea Shawa

Dada yangu alipokaribia kujifungua kule Doha, alimtumia Mama tiketi ya ndege aende akamsaidie. Mama alishangilia siku nzima, kisha akaanza kuiwaza ile ndege.

"Kitu kizito hivyo, na huko juu hakina pa kushikilia," akasema. "Mimi siendi."

Tunaishi mtaa wa Fedha, karibu na uwanja wa ndege, ghorofa ya juu kabisa. Ndege hupita juu ya paa letu zikishuka uwanjani, na mazungumzo yetu husimama katikati hadi zipite. Nilimweleza Mama kwamba ndege ikianguka, si lazima uwe umeipanda ndipo ikuue. Hata hakugeuka.

Basi hoja yangu nikaihamishia bafuni. Shawa yetu ya stima, ile inayochemsha maji kwa umeme, hutupiga shoti. Fundi alikuja, akaitazama kwa muda mrefu, akasema iko sawa tu. Kwa hiyo Mama huoga na ndara za plastiki miguuni, na akimaliza huizima swichi kwa mpini wa ufagio. Hayo yote huyafanya huku akiimba nyimbo za kanisani.

Jumamosi akina mama wa kanisa wakaja kumwombea safari, wakitumaini atalainika. Kwetu mtu haendi hata Nakuru bila kuombewa. Waliposema amina, nikauliza kwa nini hawaiombei na shawa, maana ndegeni Mama ataingia mara moja, lakini bafuni anaingia kila asubuhi.

"Haki huyu kijana hajakosea," mmoja akasema. "Yangu juzi ilinitoa mbio na sabuni machoni."

"Hiyo ni afadhali! Yangu hupiga shoti hata ukishika bomba la jikoni."

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Kisha yule wa kwanza akamgeukia Mama. "Sasa wewe, unaoga humo halafu unaogopa ndege?"

"Bafuni ufagio nimeushika mwenyewe," Mama akajibu. "Hiyo ndege imeshikwa na nani? Mnamjua? Mnamjua hata mama yake?"

Nimesomea takwimu chuo kikuu, lakini hakuna somo lililomhesabu mama wa rubani.

Jioni dada akampigia Mama simu, ikawekwa spika. Mama alipomwambia haji, nilitarajia alie. Akasema kwa upole kwamba Mama asijisumbue, mama mkwe wake wa Nyeri amekubali kuja badala yake.

"Nani?" Mama akasimama. "Yule wa kuponda kila chakula hadi kiwe rojo? Ndiye amwogeshe mjukuu wangu wa kwanza?"

"Si umesema huji, Mama?"

"Nani amesema? Mwambie abaki kwake, apumzike. Amechoka, mama wa watu."

Akakata simu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimchelewesha.

"Wewe uliyesoma, hebu angalia kama kuna ndege ya mapema kuliko hiyo."