Saumu ya Mwanapili

Mwanapili binti Matano hakuwa mtu wa kutulia. Ukimkaribisha kiti alikaa ukingoni, kama anayengoja kuitwa. Kisimani alikwenda akisuka ukili wa mkeka, akarudi na mtungi kichwani akisuka, na ukisimama naye njiani kujuliana hali, vidole viliendelea na kazi na macho yalikwishatangulia safari. Sisi wa upande wa Msambweni tulimzoea. Mumewe, Chirau, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Ramisi, alikuwa akitania kwamba ameoa upepo.

Lakini mwezi wa Shaabani ukiandama, utani ulikwisha. Mwanapili alianza kuzunguka nyumba bila kazi. Anaingia jikoni, anatoka, anasahau alichoendea. Alijua linalokuja.

Kila mwaka ilikuwa hivyo. Miezi mingine yote alikuwa mzima. Alilima mpunga, alibeba kuni, alikula sima na muhogo na samaki kama watu wote. Ramadhani ikiingia, haukupita muda tumbo likajaa na kuunguruma, choo kikawa hakimwachi, mwili ukakonda mpaka kanga ikampwaya. Mwisho alianguka njiani, wanawake wakamshika na kumnywesha maji, saumu ikakatika. Mwezi ukiisha, polepole akapona. Watu wana macho na wana midomo pia. Wakasema saumu inamkataa.

Maneno hayo hayakuanza naye. Mamake, Mwanaima, alifariki ndani ya Ramadhani, tumbo limejaa na miguu imebaki vijiti, na Mwanapili wakati huo ni kigori. Matangani akawasikia wakubwa wakinong'onezana kwamba marehemu saumu ilimkataa, na Mungu ndiye ajuaye alikuwa na dhambi gani. Tangu hapo mtoto yule hakutulia tena, na mimi sijawahi kumlaumu. Alitaka kitu kimoja tu, kuufunga mwezi mzima japo mara moja. Akiufunga yeye, yaliyosemwa juu ya mamake yangekuwa uwongo.

Walijaribu mengi. Mwaka mmoja wakampunga pepo. Ngoma zikalia, pepo akapanda, akasema yeye ni Mwarabu na anataka mkate wa ngano na halua na maji ya mawaridi. Mapepo wana makuu, sijapata kusikia aliyeomba mchicha. Chirau akanunua vyote, na kwa kuwa pepo hana tumbo lake, aliyekula ni Mwanapili. Mwaka ule nusura wamzike.

Mwaka wa hamsini na saba Chirau alichoka na mambo ya ngoma. Katikati ya Ramadhani akampakia mkewe kwenye baiskeli, akampeleka hospitali. Daktari alikuwa Mzungu mgeni, Kiswahili chake ni cha kuagizia chai, na maneno yake yalipitia kwa dresa mmoja, msaidizi wa hospitali, jina lake Kahindi. Aliuliza anakula nini na choo chake kikoje. Mwanapili akatazama ukuta. Kisha akaambiwa kwamba kwa siku kadhaa choo chote akiweke ndani ya mikebe, kipelekwe Mombasa kupimwa. Mke wa mtu, kukabidhi mkebe! Alikabidhi, kanga usoni.

Majibu yaliporudi, Kahindi aliketi karibu na kitanda akamweleza taratibu.

"Mama, daktari anasema mafuta unayokula hayaingii mwilini. Yanapita tu. Anaona utumbo wako umechubuka, hauwezi kushika chakula."

"Umechubuliwa na nini?"

Kahindi akamgeukia daktari, naye akajibu kwa kirefu, akisita mara kwa mara.

"Vipimo havisemi hilo, mama. Vipimo vinasema chakula kinapita, basi. Lakini amesoma juzijuzi kwamba kule kwao wako watu, watoto hasa, ambao ngano huwadhuru hivi. Anadhani wewe ni mmoja wao. Njia ya kujua ni kuiacha ngano, tutazame."

"Anadhani."

"Anadhani, mama."

Mwanapili akauliza lililokuwa moyoni. "Muulize kama naweza kufunga."

Daktari alishangaa kuulizwa hilo na mtu asiyeweza kusimama. Akafikiri kabla ya kujibu.

"Anasema upone kwanza. Lakini kufunga siko kunakokudhuru. Kinachokudhuru ni kile unachofuturia."

Basi tazameni mambo. Kwetu ngano ilikuwa chakula cha heshima. Mwaka mzima hatukuiona, mpaka Shaabani ikiisha, Chirau akaja na mfuko wa unga mweupe na sukari, nyumba ikanukia mahamri na kaimati, chapati na tambi, mpaka Idi. Mwezi mzima tulikula ngano, kisha lawama tukaitupia saumu.

Aliiacha, akapona. Lakini kupona si alipona kila mwaka? Hilo ndilo lililomsumbua. Sima na muhogo havikumpa ushahidi wowote, ushahidi ulikuwa Ramadhani, na Ramadhani ilikuwa mbali. Mwaka ule alisuka mikeka mpaka nyumba ikakosa pa kuitandika. Alikuwa akimsimamisha mtu njiani na kumuuliza kama mwezi umeandama, na wote tunajua kwamba bado.

Ukaandama. Safari hii Chirau alileta mchele badala ya unga. Akafuturu kwa vitumbua na muhogo wa nazi, akayakumbuka mahamri kimoyomoyo, nami namheshimu kwa hilo, maana wako wanaume ambao wangekwenda kuoa mke wa pili kwa ajili ya mahamri.

Nyumbani alikuwamo pia Shangazi Mwanarusi. Huyu alikuwa dada wa babake Mwanapili, na kwa kuwa watoto wa ndugu walioana, alikuwa pia mamake Chirau. Ndiye aliyemuuguza Mwanaima mpaka siku ya mwisho, na hakuna aliyemlilia Mwanaima kuliko yeye. Bibi huyu aliona mkwewe amenyimwa mkate na Mzungu, akakata shauri kumtia nguvu kwa njia aliyoijua. Kila jioni baada ya sala ya magharibi alimletea kikombe cha uji wa shayiri uliotiwa asali, chakula alichokisifu Mtume kwa wagonjwa.

"Shangazi, nimeshiba."

"Kunywa, mwanangu. Mgonjwa haulizwi uji."

Akanywa. Tumbo likaanza kuunguruma.

Siku zile ziliniuma hata mimi. Alifunga hivyohivyo, mashavu yakiingia ndani, na kisimani wanawake wakikonyezana: si tulisema? Akaenda hospitali kwa miguu. Kahindi akamuuliza kila alichokula, naye akataja vyote, wali, ndizi, kunde, papa. Daktari akasikiliza, akashika kidevu. Huenda alidhani vibaya, alisema, huenda si ngano. Uji Mwanapili hakuutaja. Aliulizwa chakula, na uji ule ulikuwa dawa.

Alirudi nyumbani amevunjika moyo. Aliniambia baadaye kwamba njiani alikuwa akizungumza na mamake marehemu, akimwomba radhi.

Kisha Shangazi Mwanarusi akafikiwa na msiba Vanga, akaenda kukaa matanga. Jikoni hakukupikwa uji, nani angeupika? Na tumbo likatulia. Mwanapili hakulielewa jambo hilo, akamshukuru Mungu tu, akaendelea kusuka. Bibi akarudi na kikombe chake, na kabla ya sala ya isha tumbo likawa linachemka. Hapo vidole vyake vikasimama kwenye ukili.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kahindi.

"Muulize kuhusu shayiri."

Daktari aliposikia alifumba macho kidogo, akasema neno fupi.

"Shayiri pia, mama," Kahindi alisema. "Ni ndugu yake ngano. Kumbe ulikuwa unaila?"

"Sikuwa naila. Nilikuwa nanyweshwa."

Kutembea mpaka hospitali kulikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kurudi. Utamwambiaje mtu aliye shangazi na mkwe kwa pamoja kwamba mkono wake ndio unaokuumiza? Mwanapili aliizunguka nyumba mpaka kuku wakamkimbia. Mwisho akaingia jikoni, akapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechelewa hivi?"

"Nilikwenda hospitali. Shangazi, niwie radhi. Ule uji ndio unaonidhuru."

"Chakula cha Mtume?"

"Chakula hakina ubaya. Ubaya uko kwenye tumbo langu. Ngano na shayiri, vyote viwili, halivitaki."

Bibi alikoroga sufuria mpaka uji ukaungua, kisha akautoa nje akawamwagia kuku. Tangu jioni ile hakuleta kikombe, na hakuzungumza sana. Sisi tulidhani amekasirika.

Mwanapili akapata nguvu. Aliufunga mwezi mpaka mwisho, ukiziacha zile siku ambazo sheria yenyewe humpumzisha mwanamke. Jioni mwezi wa Idi ulipoonekana, watoto walipiga mabati, na wale wa kisimani wakaja kumpa mkono.

Walipoondoka, Shangazi Mwanarusi akatoka jikoni na kikombe. Kilikuwa na uji wa mchele mweupe. Akaketi mkekani karibu na Mwanapili, kikombe bado mikononi mwake.

"Ukinywa ule uji, ulikuwa ukihisi vipi?"

"Tumbo lilijaa, shangazi. Kisha likaunguruma, kisha miguu ikawa si yangu."

"Mamako alikuwa akiniambia hivyohivyo. Maneno hayohayo. Kila jioni, nami namwambia, kunywa, wifi yangu, mgonjwa haulizwi uji."

"Alikuwa akinywa?"

"Akinywa mpaka mwisho. Alinipenda, hakuwahi kunirudishia kikombe kina kitu ndani. Saumu haikumkataa, Pili. Nilikuwa ni mimi."

Mwanapili alikwisha kumwondolea mamake aibu, na hakuwahi kufikiri kwamba aibu hiyo ingehitaji mtu mwingine wa kuibeba. Ukili ulikuwa mapajani mwake, hakuugusa. Akakichukua kikombe mikononi mwa shangazi yake, akanywa mpaka mwisho, akamrudishia kikiwa kitupu.