Rangi ya Mbuzi Kifuani mwa Mzee Parsaloi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya tiba ya mionzi hospitalini alinipa koti jeupe na kalamu ya wino. "Nashipai," akasema, "hii mashine inaweza kila kitu isipokuwa kujua ielekee wapi. Hiyo ni kazi ya kalamu." Nilidhani ananitania. Wapi! Yule mama hakujua utani.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, sikieni. Mionzi haionekani wala haina harufu, na inachoma chochote unachoielekezea, kiwe uvimbe, kiwe moyo. Mwenye kansa ya mapafu hulala chali, kifua wazi, mikono juu ya kichwa. Tunamchora misalaba midogo kwenye ngozi, kisha kila siku, kabla ya kuwasha mashine, tunalinganisha misalaba ile na miali ya kijani inayotoka ukutani. Matibabu huchukua wiki kadhaa, na alama hazifai kusuguliwa.

Nilichora vifua vingi na sikuona haya, mpaka alipoingia Mzee Parsaloi.

Mzee huyu alikuwa wa Kajiado, rika moja na baba yangu, walitahiriwa pamoja. Kwetu Wamaasai, binti wa mwanarika wako ni binti yako, na mwanaume havui nguo mbele ya binti yake. Tena mtoto hamsalimii mzee kwa kumpa mkono. Anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini. Lakini Mkuu alikuwa amesimama hapo, nami niko na koti langu jeupe. Nikanyoosha mkono kama karani. "Karibu mzee. Jina?"

Alinitazama, akataja jina lake polepole, kama anayeulizwa na askari.

Mwenzangu wa kiume alikuwa likizo kwao Namanga, kwa hiyo nilimchora mwenyewe. Mzee alijifunika uso kwa ncha ya shuka. Woiye, aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka!

Siku za kazi alilala kwa mwanawe Kitengela, wikendi akarudi Kajiado. Jumatatu nilipofunua shuka, nilikuta misalaba minene ya buluu inayonuka rangi. Miali ya kijani ilipita kando yake, upana wa vidole viwili.

Msimamizi wa zamu akapaza sauti kwenye spika kutoka chumba cha pili, anakotuona kwa kamera. "Nani amemchora hivyo?"

"Mzee, hii ni nini?" nikauliza.

"Ni rangi ya kutia mbuzi alama sokoni. Zako zilitoka nikioga. Bibi yangu akazirudisha."

"Sasa si ungeningoja?"

Akageukia ukuta. "Sikutaka unishike tena. Nikikutana na baba yako nitamwambia nini?"

Nikamweleza kwamba tukifuata alama zile tutauchoma moyo na kuuacha uvimbe. Lazima nifute rangi kifua kizima kwa spiriti, nipime, nichore upya. Mzee akaketi, akajifunga shuka, akaokota rungu lake.

"Niko na heshima yangu bado. Wacha niende nikafe nayo."

Jameni! Daktari alikuwa ametuambia uvimbe haujaenea, anaweza kupona. Na mtu huyu anaenda kufa kwa sababu ya mikono yangu. Nikavua koti, nikalitundika mlangoni, nikasimama mbele yake na kuinamisha kichwa.

"Kuna shida huko?" Msimamizi akauliza. Shingo ilianza kuniuma. Nilikuwa nikitazama viatu vyake vya tairi, nikiomba Mungu visielekee mlangoni.

Kisha nikasikia kiganja utosini, kizito.

"Sasa umenisalimia," akasema. "Fanya kazi yako."

Akalala, akainua mikono. Hakujifunika uso tena, ila alifumba macho, nami nilitamani ningeweza kufanya kazi nikiwa nimeyafumba yangu. Tangu siku hiyo hadi matibabu yakaisha, kila asubuhi ilianza na kichwa changu, ndipo kifua chake.

Nimestaafu sasa, nafuga kuku Kitengela. Watu husema kazi hii inakuondolea haya. Uongo. Unajifunza tu kuishi nayo, na mgonjwa akiwa na yake usimcheke.

Juzi nilikwenda soko la mifugo Kajiado, nikamwona Mzee Parsaloi kati ya wanunuzi, amezeeka lakini amenyooka, hakohoi. Nilifurahi mpaka machozi, na papo hapo nikataka kujificha nyuma ya lori.

"Nashipai!"

Nikaenda, nikainama mbele ya watu wote.

"Huyu ni binti yangu," akawaambia wenzake. Mkono mmoja ukanigusa utosini. Wa pili ukavuta shuka na kuifunga vizuri kifuani. Nami niliendelea kutazama chini.