Kofi la Haruna

Mume wangu Haruna hatulii. Tangu anunue redio kubwa, kila jioni anapiga kofi katikati ya sebule yetu, hapa mtaani Gungu, anasikiliza mwangwi, eti unaharibu besi. Ili kuuzima mwangwi huo, ukutani ameshagongomea trei za mayai, vitenge vyangu, hata godoro la wageni! Mama yake alikuwa akimwambia, "Muziki unasikika, mwanangu. Kaa basi tusikilize." Hakukaa.

Juzi tulimzika mama yake huyo. Makochi yalitolewa nje, mikeka ikatandikwa, wanawake na khanga zao wakajaa sebuleni. Haruna akasimama mlangoni, akapiga kofi moja. Wote tukageuka. Mwangwi haukurudi. Akatabasamu, kisha akaitazama redio iliyozimwa, akakaa chini. Ndipo alipolia.