Alama ya Mukwa

Mama yangu ana bonde kwenye paji la uso. Ni alama ya mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wa Nyeri waliupitisha juu ya paji ili mzigo wa kuni ukae mgongoni. Nilipokuwa kidato cha pili, siku ya wazazi, nilimwomba ajifunge kitambaa hadi karibu na nyusi wenzangu wasilione. Alijifunga bila kuniuliza kitu. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa wasichana wa bweni. Tangu siku hiyo mama hatoki nje ya boma bila kitambaa, nami kwa zaidi ya miaka thelathini nilijifanya sijui kwa nini.

Mwaka juzi chama chetu cha wakulima wa viazi kilinituma Nepal, kwenye vijiji vya juu vya Himalaya, nikaone wanavyohifadhi mbegu ardhini wakati wa baridi. Mimi na mwongozaji tulitembea siku tatu. Nimekulia Ruring'u nikiuangalia Mlima Kenya kila asubuhi kabla haujajifunika mawingu, kwa hiyo nilijiona mtu wa milima. Kiburi hicho kiliisha siku ya kwanza. Mto ulikuwa wa kijivu kwa barafu iliyoyeyuka, miti mizima ilikuwa imewaka maua mekundu, na kila tulipomaliza kupanda tuliona tumefika mwanzo wa kupanda. Wenyeji huyapita mawe yao ya maombi kwa upande wa kushoto, hata njia ikiwa mbaya, nami nikawafuata nikihema. Bado naikumbuka harufu ya moshi na siagi kwenye nyumba zao.

Katika kijiji cha mwisho tulikutana na wanawake wakitoka shambani na vikapu vya viazi, mikanda ikiwa vichwani. Mmoja, wa umri wa mama yangu, aliketi kupumzika. Alipouvua mkanda nikaliona bonde lile lile. Nililia palepale, mbele ya watu nisiowajua. Mwongozaji alidhani ni ugonjwa wa mlima, akanipa maji.

Nilipotulia nikamwambia yule mwongozaji, kwa majivuno kabisa, "Waambie hata kwetu tunabeba hivi." Nikaomba kikapu. Nikauweka mkanda juu kidogo ya nyusi, nikainuka, shingo ikaenda nyuma, na viazi vikabingirika hadi miguuni mwa ng'ombe wao wenye manyoya marefu. Wanawake walicheka mpaka wakaketi. Yule mama mwenye bonde peke yake hakucheka. Alikuja akanigusa paji, akasema jambo.

"Anasema hujawahi kubeba," mwongozaji akanitafsiria. "Anauliza ni nani alikuwa anakubebea."

Nilikumbuka kila mara nilipoushika mukwa nyumbani, na mama akaninyang'anya: "Wacha hiyo. Shika vitabu." Siku zote nilidhani ananiona mvivu.

Niliporudi nilienda moja kwa moja kwake. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nilimsimulia yote, hadi nikafika kwenye siku ya wazazi. Niliogopa ataniambia amesahau, maana najua hajasahau.

"Maitu, nisamehe," nikasema. "Nilikuonea aibu."

"Ati ulimwaga viazi ya watu?" Akacheka hadi machozi. Kisha akapangusa mkono kwenye leso, akapitisha kidole gumba kwenye paji langu, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Hiyo siku iliniuma sana," akasema. "Nikakaa huko nyuma na wazazi wengine, nikaangalia uso yako. Ilikuwa laini. Nikasema basi, wacha iniume."