Siku Ama Alipokosa Gari la Taka

Ama yangu, yaani bibi mzaa baba, ana sikio la maajabu, la kushoto. Gari la taka likiwa bado mitaa mitatu kutoka kwetu, mbwa wa jirani hajainua hata kope, yeye keshazima cherehani, keshavaa ndala, keshashika mifuko. "Linakuja," anasema. Mimi nasikiliza weee, sisikii kitu. Dakika mbili baadaye ndio unausikia ule wimbo wake wa kinanda, na kichochoro kizima kinatoka mbio kama kuna harusi.

Hapa kwetu Chiayi, Taiwan, taka huachi nje. Unaibeba mwenyewe, unairusha mwenyewe ndani ya gari, na likikupita imekula kwako, utakaa na vichwa vya samaki jikoni hadi litakaporudi. Ama anakaa hapa mwaka wa arobaini na moja huu na hajawahi kupitwa. Anasema hata siku ya kumzaa baba yangu alitupa taka kwanza, ndio akaenda hospitali. Babu alipokuwa hai alikuwa anacheka, anasema uongo mtupu, taka alitupa yeye.

Ama jina lake Bi-hue, ana miaka sitini na saba, kazi yake kudarizi majina na namba kwenye sare za shule. Cherehani ipo palepale mlangoni, kwa hiyo watoto wote wa shule ya msingi anawajua kwa jina, kwa namba, na kwa nani anatafuna kola.

Sasa huyu Ama ana mchezo wake. Kutoka mlangoni kwetu hadi mwanzo wa kichochoro ni kama hatua themanini, na katika hizo hatua kila mtoto anasema kitu kilichomnukia siku hiyo. "Toa taka yako," anakwambia. Unatoa: nimefeli hesabu, rafiki yangu kaninunia, leo nimemchukia mama kwa dakika kumi. Sheria ni moja tu, wanaosikiliza wanajibu "mm." Basi. Hakuna ushauri, hakuna "lakini na wewe nawe." Mkifika unarusha mfuko, na mkirudi mnaongelea chakula. Alianza na baba yangu akiwa mdogo. Mezani baba alikuwa kama jiwe, ila ukimpa mfuko wa taka abebe, maneno yanamtoka yenyewe.

Na mimi nimekulia humohumo. Nilidhani dunia nzima wanafanya hivi, hadi nikaenda kulala kwa rafiki yangu, gari likaja, nikaanza kumwaga habari zangu mbele ya baba yake. Alinitazama huyo mzee!

Haya, sasa mdogo wangu, Kai, miaka tisa. Shuleni kwao siku ya michezo kuna mbio za kupokezana vijiti, na darasa zima linakimbia, mnene, mwembamba, mwenye miwani, hakuna kujificha. Mwaka jana walikuwa wanaongoza. Kijiti kikamfikia Kai, kikamponyoka, kikabingirika hadi njia ya wenzao. Wa kwanza wakawa wa mwisho. Tangu siku hiyo jina lake darasani ni Tofu, eti mikono yake laini kama ile jibini ya soya, haishiki kitu.

Mwaka huu mbio zilikuwa Jumamosi. Jumatatu tumbo likaanza kuuma. Mama akampeleka kliniki, daktari kaminya huku, kaminya kule, akasema, "Tumbo halina shida, mama. Muulize mwenye tumbo."

Basi kila mtu akamvamia. Mama: "Usiogope, utaweza, utaweza, utaweza!" Baba kamnunulia viatu vipya vyekundu. Mimi nikamtafutia video kumi na moja za namna ya kupokea kijiti, nikamrushia zote kwenye saa yake ya simu. Akaizima saa.

Jumatatu jioni, njiani na mifuko, Ama akamwambia, "Toa taka yako."

"Leo sina."

"Mm."

Jumanne tena. "Sina."

Mimi sikuvumilia. "We Kai, acha uongo, hujala tangu jana!"

"Mei," Ama akaniita, kwa sauti yake ya kukata uzi.

Kai akatembea kidogo, halafu akageuka. "Na wewe Ama? Mbona wewe hujawahi kutoa yako?"

Jamani. Nikasimama kabisa. Maana ni kweli! Miaka yangu yote kumi na sita, sijawahi kusikia taka ya Ama hata moja.

"Mimi?" Ama akacheka. "Mimi mzee, mjukuu wangu. Yangu imeshakauka."

"Basi na yangu imekauka."

Ama akarusha mfuko, tukarudi, hata chakula hatukukiongelea.

Jumatano gari huwa haliji. Alhamisi asubuhi Kai akatangaza, mswaki mdomoni, kwamba Jumamosi haendi, Jumatatu haendi, na shule ile haendi tena maisha yake. Mama akakaa chini kwenye ngazi na kiatu kimoja mguuni. Tulijua hatanii. Kuna mtoto kichochoro cha pili alianza hivihivi na tumbo, sasa ana mwezi wa tano yupo chumbani, na mama yake anapitisha chakula mlangoni.

Siku hiyohiyo, saa kumi jioni, mwalimu mmoja akaja kuchukua fulana za michezo alizompa Ama adarizi, ishirini na nne, za darasa la tatu. Darasa la tatu ni uzi wa kijani. Ama alikuwa ametumia bluu. Zote.

"Ama Bi-hue," mwalimu akasema, na wazazi watatu wapo nyuma yake wanasubiri, "hii bluu ni ya darasa la nne. Keshokutwa ndio michezo! Huoni?"

Ama akaomba radhi, akainama, akainama tena. Walipoondoka akachukua kimkasi akaanza kufumua, jina kwa jina. Hakunywa chai. Mimi na Kai tukakaa pale chini tunaokota vipande vya uzi.

Ghafla Kai akainua kichwa. "Ama. Ule wimbo."

"Wimbo gani?"

"Ama, gari! Lipo hapa!"

Mama yangu! Ama alirukaje! Ndala mguu mmoja, mguu wa pili peku, mfuko wa taka mkono wa kulia, ndoo ya mabaki ya chakula mkono wa kushoto, anakata kichochoro kama ana miaka ishirini. Sisi nyuma. Gari lilikuwa limeshaanza kuondoka. Majirani wanashangilia, "Kimbia, Ama, kimbia!" na kaka wa gari, Liao, ananing'inia nyuma kanyoosha mkono, "Lete! Lete!" Zimebaki hatua nne hivi. Mguu wa peku ukateleza.

Mfuko ukapasuka. Ndoo ikaruka. Kabichi, miiba ya samaki, maganda ya mayai, nyuzi za rangi zote, na katikati Ama kakaa chini na jani la kabichi kichwani. Na gari hilo linaishia, na wimbo wake.

Halafu shangazi Hsu, yule muuza wali wa bata mzinga, akaropoka, "Ama Bi-hue! Leo umeamua kutuandalia barabarani?"

Watu wakacheka, na Ama naye akaanza kucheka. Kucheka kukageuka kilio.

"Nimedarizi fulana ishirini na nne vibaya," akasema, kwa sauti, mbele ya watu wote. "Mwalimu kanisema mbele ya wateja wangu, nikatamani kujificha chini ya cherehani. Bluu na kijani sizitofautishi taa ikiwaka. Tangu mwaka jana. Sijamwambia mtu, naogopa mtanifungia cherehani yangu." Akajifuta pua kwa mkono. "Haya. Hiyo ndiyo taka yangu."

Mama alikuwa amefika mbio, akafungua mdomo. Najua alichotaka kusema, Ama kwa nini hukutuambia, twende kwa daktari, na kadhalika. Kai akamwahi.

"Mm," akasema Kai.

Akamtoa Ama lile jani kichwani, akachuchumaa, akaanza kuzoa.

Shangazi Hsu akaleta fagio na mfuko mpya, jirani yetu mzee Tsai akaleta koleo, ikawa kazi ya dakika tatu. "Litapita hekaluni baada ya dakika kumi," Kai akasema. "Tunaliwahi." Akabeba mfuko yeye mwenyewe, na mfuko ulikuwa karibu sawa na yeye.

Kwenda hekaluni ni mbali kuliko kwetu hadi mwanzo wa kichochoro, mara nne hivi. Tulipofika kwenye duka la dawa Kai akasema, bila kuulizwa, "Naogopa kitaniponyoka tena."

"Mm," Ama akasema.

"Wataniita Tofu hadi darasa la sita."

"Mm."

"Na nyie mtakuwa mnaona."

Mimi nilikuwa na ushauri umenijaa hadi puani, wallahi. Nikauma mdomo. "Mm," nikasema.

Gari likaja. Kai akarusha mfuko kwa mikono miwili, kaka Liao akampigia saluti. Tukageuka.

"Tule nini?" Ama akauliza.

"Tambi za supu," Kai akasema. Na alikula bakuli zima!

Usiku ule wote tulifumua uzi wa bluu, na mimi ndio nilikuwa namchagulia Ama uzi wa kijani. Ijumaa jioni akatoka na mfuko dakika kumi kabla, na mzee Tsai hakumwacha. "Ama, leo umevaa vya kukimbilia?" Ama akanyanyua mguu. Alikuwa kavaa raba zangu! Miadi ya daktari wa macho, mama keshaipanga, ilikuwa Jumanne ijayo.

Jumamosi asubuhi tumbo la Kai liliuma vilevile, msidhani. Kavaa viatu vyekundu, kala nusu ya donge la wali, akasema, "Linauma, lakini naenda."

Alikuwa mkimbiaji wa tisa. Kijiti kikaja, akanyoosha mkono, akakishika, hatua mbili, kikamponyoka. Mama akafunika macho. Nikasikia mtoto mmoja anapiga kelele, "Tofuuu!" Ama kasimama tu, kavaa raba zangu.

Kai akakitazama. Akakifuata, akainama, akakiokota, akakimbia. Mdomo wazi, uso mwekundu kuliko viatu, akakimbia hadi akakitia mkononi mwa mwenzake. Wakawa wa nne kati ya madarasa sita.

Jioni, hatua themanini, mifuko mkononi.

"Kimeniponyoka tena," Kai akasema.

"Mm."

"Nimelia kidogo chooni."

"Mm."

"Jumatatu tuna somo la kuogelea, mama asisahau taulo."

Wimbo ukaanza kusikika. Ama akatoa yake, eti magoti yanamuuma tangu ile Alhamisi na alikuwa anajikaza. Tukajibu "mm" wote watatu, mimi, Kai na mama, maana leo naye alikuwepo. Mifuko ikaingia garini, na kabla Ama hajauliza, Kai akaropoka kwamba anataka wali wa bata mzinga wa shangazi Hsu, na juu yake awekewe mayai mawili.